Sura ya Saba: Mzani, Duara na Siku ya Mwisho

Nyarugusu ninayoisema hapa siyo ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Ni Nyarugusu ya Geita, mji wa dhahabu, ambako karasha za kusaga mawe hunguruma tangu alfajiri na vumbi la mawe hukaa juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mandazi ya mama ntilie. Watu wake wametoka kila upande wa Kanda ya Ziwa na mbali zaidi: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wajita, Wakurya. Makanisa yamewafuata. Wapo Wakatoliki wa Jimbo la Geita, lililoanzishwa mwaka 1984, wapo waumini wa Africa Inland Church, Waadventista wa Sabato, Walutheri, na Wapentekoste wenye spika zinazoshindana na karasha. Kaa mwezi mmoja tu ukihudhuria ibada huku na huku, na hutakosa kusikia mahubiri ya hukumu ya mwisho. Mhubiri wa machimboni hulipenda somo hili, na sababu inajulikana. Msikilizaji wake kesho asubuhi atashuka futi nyingi chini ya ardhi, na hana hakika kama atapanda.

Mwishoni mwa Januari 2017 wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa katika mgodi wa RZ Union hapahapa Nyarugusu. Waokoaji walihangaika kwa siku kadhaa, na wote 15 wakatolewa hai. Kabla ya hapo, Oktoba 2015, machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama yaliporomoka na kuwafunika watu sita. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, wadudu na maji yaliyodondoka mwambani. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Habari hizi zilirudiwa kwenye mimbari nyingi, na watu walitubu. Sina ugomvi na toba ya namna hiyo. Ila hofu inayoletwa na kuporomoka kwa mwamba huwa inaondoka na vumbi lake. Wiki mbili zikipita, aliyelia madhabahuni anahesabu viroba vya mawe gizani na anajua kabisa kwamba hakuna mwingine anayehesabu.

Tumezoea kuihubiri hukumu kama tishio kwa mlevi na mzinzi. Katika Biblia, mara nyingi anayeililia siku hiyo ni mtu aliyedhulumiwa. Zaburi zinaita mashamba na miti ya msituni ishangilie kwa kuwa Bwana anakuja kuihukumu nchi. Mjane katika mfano wa Yesu anamsumbua kadhi bila kuchoka kwa sababu anataka hukumu. Asiyeitaka ni yule aliyemdhulumu. Hiyo ndiyo hoja ya sura hii nzima: kwa mtu asiye na wakili, hukumu ya mwisho ni habari njema, na kwa mtu mwenye mzani mkononi ni nidhamu ya kila siku. Mahubiri yanayoacha sehemu ya kwanza yanabaki na vitisho vitupu, na vitisho vitupu vimeshaua watu katika ukanda wetu huu wa Afrika.

Vimeua kweli. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliwaambia wafuasi kwamba dunia itafikia mwisho pamoja na mwaka 1999. Watu waliuza ng'ombe na mashamba. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza kama kawaida, na waliouza mali zao wakaanza kuuliza. Machi 17 mwaka huo mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Kenya nayo, kuanzia Aprili 2023, ilifukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili iliyopatikana ilipita 400. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, naye akakana mashtaka. Katika visa vyote viwili hatua ya kwanza ilikuwa ileile. Watu waliambiwa waache mali na jirani, kwamba siku ikiwa karibu hivyo mambo hayo hayana maana tena.

Mtume Paulo alikwisha kukutana na jambo hili. Watanzania wa umri wangu walilelewa na kaulimbiu ya asiyefanya kazi na asile wakidhani imetungwa na chama. Imetoka katika barua kwa Wathesalonike, kanisa ambalo baadhi ya watu wake walisumbuliwa na uvumi kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na wengine wakawa wanazurura bila kazi. Wafafanuzi wengi huyaunganisha mambo hayo mawili. Dawa aliyowapa haikuwa tarehe nyingine. Aliwarudisha kazini, wafanye kwa utulivu, wale chakula chao wenyewe.

Tuje kwenye Mathayo 25, somo linalosomwa kuliko yote habari ya hukumu ikitajwa. Kwenye picha za vitabu vya Shule ya Jumapili zilizochorwa Ulaya, kondoo ni weupe wenye manyoya ya pamba na mbuzi ni weusi wenye sura ya shetani, kiasi kwamba hata mtoto angewatenganisha. Mchungaji wa Kisukuma hana anasa hiyo. Kondoo wetu hawana manyoya marefu. Wana rangi za udongo kama mbuzi, wanachungwa nao, wanalala nao zizi moja, na kwa mbali, jioni kukiwa na vumbi, unabaki kutazama mkia: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umeanguka na mafuta yake. Nadhani wasikilizaji wa Yesu waliona kundi la namna hii. Lilikuwa limechanganyika tangu asubuhi, na hakuna aliyeshangaa kuwaona pamoja.

Wanaoshangaa ni wenyewe wakiisha kutenganishwa, na hapa ndipo mahubiri mengi hupita mbio. Pande zote mbili zinauliza swali lilelile: ni lini tulikuona una njaa? Waliompa chakula hawakumbuki. Waliomnyima nao hawakumbuki. Mtu aliyekuwa anajiwekea akiba ya matendo mema angekuja na orodha yake tayari. Wenye haki wa Mathayo 25 hawana orodha. Walikuwa wameshika tabia fulani kwa muda mrefu mpaka wameacha kuiona. Kwa hiyo anayeuliza aishije kila siku akiikumbuka hukumu, swali lake linahusu yale anayoyafanya bila kufikiri: anavyosalimia mlinzi wa karasha, anavyohesabu chenji, anavyomjibu mtu aliyekuja kudai ujira wake kwa mara ya tatu.

Na Nyarugusu ina nafasi nyingi za kufanya mambo bila kuonekana. Niruhusuni niifuate dhahabu tangu shimoni, maana mtu asiyeujua mnyororo huu hawezi kuhubiri dhambi ya hapa; atabaki kuhubiri pombe.

Duara, yaani shimo la kuchimbia, likianza kutoa mawe, mawe hutiwa katika viroba. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara fungu lake, na wachimbaji waliopiga nyundo na kuweka matimba wana lao. Viwango hutofautiana, lakini kabla ya mgao mwenye duara hutoa gharama: chakula, magogo ya matimba, baruti, mafuta ya jenereta, kamba. Vijana wanaweza kufanya kazi miezi mingi kwa chakula tu, wakingoja mawe. Gharama zinaandikwa wapi, na nani ameona risiti? Mara nyingi ni kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo anaweza kuwa mzee wa kanisa.

Kutoka hapo viroba vinakwenda karasha, mawe yanasagwa yakawa unga, na unga unapitishwa na maji kwenye mialo, juu ya vitambaa vinavyonasa chembe nzito. Kuosha vitambaa ni dakika chache tu, na dakika hizo zina vishawishi kuliko usiku mzima wa disko. Kisha inakuja zebaki. Mtu anaimimina kwenye karai, anakoroga kwa mkono mtupu, anakamua kwenye kitambaa mpaka anabaki na donge la rangi ya fedha, halafu analichoma. Zebaki inapanda hewani na dhahabu inabaki. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kazi ya kila mtu itapimwa kwa moto, dhahabu ibaki na majani yateketee, na nimesikia wahubiri wakilitumia karai hili kama mfano. Karai lenyewe linasema zaidi ya hapo. Mvuke ule hauendi mbinguni. Unaingia mapafuni mwa anayechoma, na mwa mtoto aliyechuchumaa pembeni, na mwa mama mjamzito jikoni kama kazi inafanyiwa nyuma ya nyumba, kisha unashambulia mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka, na mimba iko hatarini. Ripoti ya Human Rights Watch ya Agosti 2013, iliyochunguza machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, iliwakuta watoto wa hata miaka 8 wakifanya kazi za mgodini, na baadhi ya watoto walishika zebaki hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Vifaa vya kunasa mvuke vipo na si vya ajabu. Anayechoma wazi karibu na watoto wa mwenzake kwa sababu ana haraka ya kuuza, kesi yake imo katika Mathayo 25 bila kuongeza kitu, ingawa hajaiba hata pointi moja ya dhahabu.

Mkufunzi wangu mmoja wa theolojia alikuwa akisema dhambi kubwa ni zile zilizo halali sokoni. Sikumwelewa mpaka nilipofafanuliwa habari ya marudio. Zebaki inanasa sehemu tu ya dhahabu iliyomo kwenye unga, mara nyingi haifiki nusu. Mchanga unaobaki, ule wa marudio, una mali. Kwenye karasha nyingi desturi ni kwamba mchanga huo unabaki kwa mwenye karasha, ama kama malipo ya kusagia ama kwa mazoea tu, naye baadaye anaupeleka kwenye mitambo ya sayanaidi na kutoa dhahabu iliyokuwa imejificha. Kijana aliyezama duara miezi minne anaondoka na gramu zake chache, na iliyobaki inamlipa mtu mwingine. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kila mtu alijua desturi, au tuseme kila mtu mwenye uzoefu aliijua. Yakobo alipoandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana, sidhani kama alikuwa na habari ya sayanaidi, ila kelele yenyewe naisikia.

Mwisho wa mnyororo ni mzani. Mnunuzi anazima feni kwanza, kwa sababu upepo wake unatosha kusogeza tarakimu ya mwisho. Anaweka donge, anashusha kifuniko cha kioo, na chumba kizima kinanyamaza. Zamani hapo ndipo palipokuwa na kilio kikubwa, kila broka na mzani wake. Machi 2019 soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa, maofisa wa serikali wakakaa mezani, bei ikabandikwa ukutani. Mwaka huohuo mchimbaji mdogo akaondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Ukabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hii ni nafuu ya kweli na nailipa sifa yake. Lakini serikali imekaa kwenye hatua ya mwisho tu. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokaa ibadani wakiuliza moyoni Sabato itaisha lini wakarudi kwenye mizani yao ya udanganyifu. Alikuwa mchunga kondoo wa Tekoa, na nadhani alishawahi kupunjwa.

Sasa jambo zito, ambalo kitabu cha kiroho kilichoandikwa Geita hakina ruhusa ya kulikwepa.

Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ambayo wakati huo iliichukua sehemu kubwa ya Geita ya leo, ilijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Viungo vyao vilikatwa kwa sababu waganga waliwaambia wateja kwamba vinaleta utajiri, na miongoni mwa wateja waliotajwa walikuwamo watafuta dhahabu na wavuvi. Kabla ya hapo na baada yake, vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa mapanga wakiitwa wachawi, wengi kwa sababu ya macho mekundu. Ukipika maisha yako yote kwa kuni na samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yatakuwa mekundu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake, na ilistahili kuandikwa magazetini kama ilivyoandikwa.

Wanunuzi wa viungo, ambao pesa yao ndiyo iliyolishika panga, walifikishwa mahakamani kwa nadra sana. Mama aliyefiwa anaamka kila siku katika nchi ambayo mteja yule huenda bado anakula, anajenga, anatoa michango ya harusi. Kumwambia mama huyo kwamba Mungu ni upendo na kuishia hapo ni kumdhihaki. Anachohitaji kusikia kanisani ni kwamba kuna kesi ambayo haijafungwa, kwamba Kristo tunayemkiri katika kanuni ya imani kuwa atarudi kuwahukumu walio hai na waliokufa analijua jina la mteja yule. Najua wapo wanatheolojia wa nchi zilizotulia wanaoona aibu na fundisho hili, wakisema ni la zamani, lina ukali. Wangeketi msibani Bukombe.

Na imani hiyo humzuia mama kulipiza kisasi pia. Anayeamini hakuna hakimu atachukua panga yeye mwenyewe, au atakwenda kwa mganga amtajie aliyemroga mwanawe, na mganga atamtajia kikongwe wa jirani. Ndivyo mauaji yanavyozaana huku kwetu. Kuiachia hukumu mikononi mwa Mungu kumeokoa uhai wa bibi wengi wasiojua kwamba walitajwa.

Sasa kanisa lenyewe. Barua ya kwanza ya Petro inasema hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu, na mimi ningeanzia kwenye kapu la sadaka. Kila mchungaji aliyetumika machimboni ameshaulizwa swali hili kwa namna moja au nyingine. Mimi nililetewa na kijana aliyengoja waumini watawanyike.

“Shikamoo, mchungaji.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za shimoni?”

“Nzuri kidogo. Tumepata. Ila bosi kabla hatujachimba alitupeleka kwa mtaalamu, tukachanjwa. Hela hii nikitoa fungu la kumi, itapokelewa?”

Jibu rahisi ni kusema pesa haina harufu. Makanisa yaliyoezekwa kwa jibu hilo ni mengi. Jibu la pili rahisi ni kumfukuza. Torati inakataza mapato ya aina fulani yasiingizwe nyumbani mwa Bwana kulipia nadhiri, kwa hiyo swali la asili ya pesa ni halali kabisa, na kijana alikuwa mtaalamu wa Torati kuliko wanaogawa bahasha. Nilimwuliza alichanjwa kwa dawa gani, na nani mwingine alikuwapo, na kama kuna mtu yeyote aliumizwa. Alisema ni majani na unga mweusi tu. Tukazungumza habari ya kuachana na mganga yule. Halafu nikamwuliza jambo ambalo hakulitarajia: je, wenzako wote mliochanjwa pamoja mmelipwa? Akainama. Wawili walikuwa wameondoka kabla ya mawe kutoka, na fungu lao liligawanywa kwa waliobaki. Tukakubaliana kwamba kabla ya fungu la kumi kuna fungu la hao wawili, na kwamba mmoja wao yupo Katoro na ana simu.

Waumini wenye maduara, na ninao kadhaa, wameniuliza wafanye nini basi, maana hawawezi kumlipa mtu kila jioni kama Walawi 19 inavyoagiza wakati duara halijatoa kitu. Ni kweli, hawawezi. Sheria ile iliandikwa kwa kibarua wa shamba, na kwenye machimbo ujira ni bahati ya wote. Ila kinachowezekana ni daftari. Gharama iandikwe siku ileile inapotoka, kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na bei. Majina ya wote walioshuka yawemo, hata aliyeshuka siku tatu akaugua kifua akarudi kwao Kasulu. Marudio yazungumzwe kabla mawe hayajapakiwa kwenye gari, na makubaliano yaandikwe. Wapo wenye maduara waliokataa pendekezo hili palepale, mmoja akisema vijana wakiona hesabu watakosa heshima. Waliolikubali wanalifungua daftari Jumamosi mchana, nje, kwenye kivuli cha mwembe, na anayelisoma kwa sauti ni kijana wa shimoni, si bosi. Mara ya kwanza kwenye duara mojawapo lilisomwa kwa saa nzima, kwa sababu kila mstari wa mafuta ya jenereta ulikuwa na ubishi.